Luku ya Naelijwa

Kila nikinunua umeme
ujumbe unarudi na jina lako:
NAELIJWA E. MRUTU, kisha tarakimu ishirini,
kana kwamba bado uko dirishani unadai risiti.

Kijana wa ofisini aliniambia,
"Mzee, lete cheti cha kifo tubadilishe."
Cheti ninacho. Kiko chini ya godoro
pamoja na kadi yako ya kliniki.
Sijakipeleka. Mwaka wa tatu huu.

Wewe ndiye uliyezisoma zile namba,
nne nne, kwa sauti ya mtu anayehesabu mishono,
nami juu ya stuli nikibonyeza.
"Sifuri saba tatu tisa. Umeandika? Usikurupuke."
Uniti zikishaingia, unaanza doria:
taa ya jikoni, ta! Taa ya korido, ta!
"Hii ya nje inamwangazia nani, wezi?"
Majirani walicheka, wakasema
Upare hauishi kwa kuhamia Tabata.
Ukawajibu: na madeni yenu hayaishi kwa kucheka.

Kivimbe kilikuwa punje ya choroko.
Ulikificha tangu Pasaka hadi mvua za vuli,
kwa sababu kulikuwa na sare za kwaya arobaini na mbili
na Kimanga nzima hakuna aliyejua kukata kola kama wewe.
Sikukulaumu.
Naongopa. Nilikulaumu, kimya kimya,
kwenye benchi la Ocean Road,
kunguru wakigombania ganda la ndizi juu ya paa
na wewe ndani, chini ya mashine ya miale,
peke yako, maana pale hata mume haruhusiwi.

Ile dawa nyekundu ukaiita rozela.
"Leo wameninywesha glasi mbili," ukacheka,
kisha njia nzima ya kurudi
ukashika mfuko mdomoni.

Cherehani hukuiacha.
Kila mwezi ulijipima kwa futi yako ya shingoni
ukalipunguza gauni la bluu, inchi moja kila upande.
Machi, thelathini na nane.
Mei, thelathini na nne.
Julai uliandika namba daftarini, hukuniambia.
Chini yake: "Kiuno cha mtoto wa shule."

Ukaondoka alfajiri ya Jumanne.
Usiku kucha taa zote zilikuwa zinawaka,
nilikataa kuzima hata moja.
Mkono wako ndani ya mkono wangu
ulikuwa mwepesi kama kipande cha bitana.
Watu huniuliza neno la mwisho. Huwaambia ulisali.
Kweli ni kwamba ulitazama dari, ukasema,
"Zima taa, kumekucha."
Nami nikainuka, nikazima.
Niliporudi kitandani hukuwapo.

Juzi Nankondo alilitoa lile gauni sandukuni.
Akanijia amelishika, limegeuzwa ndani nje.
"Baba, njoo uone."
Hukukata.
Inchi zote zipo, zimekunjwa, mshono juu ya mshono,
kitambaa cha ndani kingali kibichi kwa rangi, hakijaona jua,
kama umejiwekea nafasi ya kurudi.
Tukakaa kitandani. Hakuna aliyesema kitu.
Kisha mwanao akachukua kiwembe
akafumua, mwezi baada ya mwezi,
mpaka gauni likamwenea.
Sasa analivaa kwenda kazini
na mistari yake mitano ya bluu iliyokolea ubavuni,
na akiulizwa husema ndiyo mtindo.

Jana uniti ziliisha tukiwa mezani.
Nikapanda stuli gizani.
Nankondo akasoma kwenye simu,
nne nne, bila kufundishwa na mtu:
"Umeandika? Usikurupuke."
Kidole changu kikasimama kwenye namba ya tisa.
"Baba?"
"Rudia," nikamwambia.
Nilikuwa nimesikia vizuri.
"Rudia tena, tangu mwanzo."