Mwonjaji

Tiketi ilikuwa rahisi, nami sikuuliza kwa nini.
Nilishuka Amasya saa tano ya mchana.
Mto umeukata mji katikati, nyumba za mbao zimeuinamia
kama watu wanaochungulia barua ya mwenzao,
na viti vya mkahawa wa kwanza niliouona
vimepanda juu ya meza, miguu hewani.

Ndipo nikahesabu mwezi kwa vidole.

Siku ile nilikula biskuti chooni, kituo cha basi,
nikizilainisha kwa mate zisisikike,
bomba nimelifungulia linifichie siri.
Hakuna aliyenikataza. Hakuna hata aliyenitazama.
Kwetu wana jina la mtu wa namna hii: kobe.
Hutoa shingo, huuma, huirudisha.
Mimi sikuwa na saumu ya kuvunja,
lakini gamba nilikuwa nalo.

Bi Nazmiye, mwenye nyumba ya wageni,
aliukuta ungaunga wa biskuti shukani.
Akalikung'utia shuka dirishani;
njiwa wakala hadharani.

Kesho yake, adhuhuri, mlango uligongwa mara moja.
Nilipofungua, hapakuwa na mtu.
Sinia sakafuni, limefunikwa kitambaa cha maua:
mayai na nyanya, mkate, chai ingali inafuka.
Mayai hayakuwa na chumvi hata punje.
Niliyala yote. Nilidhani ni adhabu ya kistaarabu.

Siku ya tatu chumvi ilizidi, nikamaliza chupa mbili za maji.
Siku ya nne haikuwepo tena,
na hapo, mzito wa kufahamu mimi, nikafahamu:
mpishi hakuonja.
Midomo yake imekauka tangu alfajiri
na mikono inakisia.

Nikarudisha sinia jikoni mwenyewe.
Dengu zinachemka. Mjukuu wake, Tülay, anakata limau
uso ameugeuzia ukutani.
Bi Nazmiye akanitazama
kama fundi aliyeuona msumari alioudondosha asubuhi,
akazungumza na simu yangu, na simu ikanisomea:
"Lugha yako haijafunga."

Tülay alicheka mpaka akaweka kisu chini.
Akatoa ulimi, akauonyesha kwa kidole:
kwao, neno ni moja.

Kijiko kikanijia.
Supu ya watu kumi na mmoja
ikingojea hukumu ya kobe.
Nikaonja. Nikatikisa kichwa. Punje. Tena kidogo.
Basi.

Tangu siku ile nilikuwa na kazi.
Saa kumi jioni naitwa kwa jina ambalo si langu,
walilolipinda likae vizuri midomoni mwao.
Naonja wali, naonja biringani, naonja maharage,
kijiko kimoja kimoja, mbele ya wanaomeza mate.
Sijawahi kula kwa uangalifu kiasi kile.

Kabla ya magharibi foleni ya mkate hupinda hadi darajani.
Mzee mmoja alipita amekumbatia mikate mitatu ya moto
kama amebeba mtoto mwenye homa.
Hakumega hata ukingo.
Kisha mzinga ukalia kutoka ngomeni
na mji wote ukanyamaza,
ukimya wa maji yakishuka kooni.

Mezani walitazama bakuli. Mimi nilitazama nyuso.
Mjomba wa Tülay, dereva wa lori, mtu asiyesifu kitu,
aliguna, akasogeza bakuli aongezewe.
Bi Nazmiye akanionyesha kwa kidevu:
huyu.

Usiku wa mwisho, mizigo iko mlangoni,
mpiga ngoma akapita kuamsha watu wa daku.
Hajui dirisha lipi ni la mfungaji na lipi la mgeni;
anayapigia yote, goti likiuma, naona anavyochechemea.
Nikaamka nikawasha taa.
Sikuwa na njaa. Sikutaka tu adhani
kwamba hapa amepiga bure.