Namba ya Nne

Jino la Kaz lilianza Jumapili usiku.
Kufikia asubuhi shavu lilikuwa limeumuka kama unga wa hamira,
jicho la kushoto limebaki uzi.
Daktari wa meno, glavu za zambarau,
akasema usaha unaelekea mfupani,
akaandika kwenye kikaratasi, akanigeuzia
kama mtu anayeonyesha karata ya mwisho:
dola elfu moja mia moja na arobaini.
Nusu kabla ya sindano.

Bima inasema meno si mwili.
Nimesoma kurasa zote. Ndivyo inavyosema.

Benki ilinijibu kabla kahawa haijapoa.
Mia tano arobaini na moja:
ndiye mimi huyo, kwa tarakimu.
Niliweka sahihi chini ya jina la kaka yangu Lucjan
siku aliponunua pikapu nyekundu
akaenda nayo Dakota kutafuta kazi ya mafuta.
Pikapu ilifika. Malipo yalipotea njia.
Miaka sita sasa, na mashine haisahau,
haina hata adabu ya kujifanya imesahau.

Basi nikateremka na Kaz, theluji ya ziwa magotini,
hadi duka lililobanwa kati ya dobi wa sarafu na muuza donati.
Bango dirishani: HAPA TUNASEMA NDIYO.
Hata mtego husema ndiyo.

Nyuma ya kioo, Rochelle, kucha za kijani, kikohozi.
Kazi? Nakunja mashuka hospitalini.
Hati ya gari? Hii hapa.
Akanieleza riba polepole, kama anayebandua plasta:
mia sita leo,
mia moja na nne kila wiki mbili,
usipokosa, hadi Juni.
Kukopa harusi, husemwa.
Harusi gani hii, bibi harusi kavaa buti zenye chumvi ya barabarani?

"Andika watu watano," akasema,
"tutakaowapigia ukipotea."

Ukipotea.

Wa kwanza Lucjan, kama namba bado ni yake.
Wa pili msimamizi wangu, Bi Ostrander.
Wa tatu jirani wa ghorofa ya juu.
Kalamu ikagoma.
Miaka thelathini na minane katika mji huu wa Erie,
nimezika, nimelea, nimepeleka sahani za watu na kurudishiwa,
na watu wangu hawajazi kiganja.
Wa nne nikaandika: Halina Wozny. Uhusiano: mama.
Namba yake naijua kuliko yangu.
Wa tano sikumpata.

Sikujua kwamba wanapiga papo hapo.
Lucjan hapatikani.
Bi Ostrander yuko kikaoni.
Jirani akafoka, "Namjua, ndiyo. Kwani kafa?"
Kisha ikaita ya nne, spika wazi,
na mama akasema, kwa ile sauti ya mtu anayefuta mikono kwenye aproni:
"Ni Halina. Siko karibu na simu.
Acha ujumbe, na uongee taratibu, mimi si kijana."

Kaz, kwenye kiti cha plastiki, akageuza lile jicho moja.
Hakusema kitu.

Mama ana miezi kumi na minne ardhini.
Laini yake nailipia mimi,
dola kumi na tano, kila tarehe tatu,
sijachelewa hata siku moja.
Hakuna mashine inayonihesabia hiyo.

Mlio ukalia. Rochelle hakukata mara moja.
Alitazama fomu, akatazama mikono yangu,
akakohoa ndani ya kiwiko.
Kwenye kisanduku kando ya jina la mama
akaandika: Amejibu.

Noti zilikuwa mpya, zimegandana.
Nilizihesabu mara mbili, naye akanisubiri.

Garini Kaz akauliza, mdomo nusu,
jino hili akiliweka chini ya mto
atapata ngapi.
Nikamwambia inategemea.
Nikapangusa barafu kwenye kioo kwa kadi ya benki,
nikawasha gari ambalo, mpaka Juni, si langu.