Uzito wa Funguo

Siku ya soko, magunia kumi na mawili ya muhogo mkavu mgongoni,
Datsun ikanigomea.
Nikazungusha ufunguo: kimya.
Haikukohoa, haikulalama,
hata ile "tik" ya bahili ahesabuye senti gizani
sikuisikia.

Pale Ediofe kila mpita njia ni fundi.
"Betri hiyo."
"Starta imekufa, Onzima, uza chuma ununue ng'ombe."
"Tusukume!" Tukasukuma hatua sita,
muhogo ukatushinda.

Driciru akaja kwa baiskeli,
ovaroli ya kaka yake imekunjwa mara tatu miguuni,
mkononi balbu ya indiketa na nyaya mbili, basi.
Gari lina miaka mingapi, hakuuliza.
"Washa taa," akasema.
Zikawaka, hazikutetereka.
"Betri haina kosa. Msiisingizie."

Akalala chali chini ya usukani,
sauti ikitoka miguuni pangu kama ya mtu aliye kisimani:
"Waya mwekundu, huu mnene, moto upo.
Gia iko huru? Haya, zungusha. Shikilia.
Waya wa starta... giza.
Tikisa ufunguo. Kidogo tu,
kama unamwamsha mtoto na hutaki alie."
Nikatikisa. Balbu ikafumbua jicho, ikafumba, ikafumbua.
"Umeme unafika mlangoni," akasema,
"bawabu ndiye kalala."

Akagusisha waya na waya.
Cheche moja ya buluu, na Datsun ikanguruma,
vumbi la muhogo likatimka kwenye magunia.
Wale wa starta wakakumbuka shughuli zao.

Swichi alipoifungua nikaona ndimi zake za shaba,
nyeusi, zimeliwa pembeni.
Akazikwangua kwa msasa, akapuliza.
"Hii itakufikisha sokoni. Krismasi haitakufikisha.
Agiza mpya Kampala, ije na basi la usiku."

Kisha akaupima mtungo wangu wa funguo kiganjani,
kama anunuaye samaki asiyemwamini mwuzaji.
"Na hizi zote za nini?"

Huu wa ghala.
Huu wa kufuli la baiskeli, baiskeli iliibwa Pakwach.
Huu wa sanduku la mama; mchwa walilimaliza
kabla hatujagawana kilichokuwemo.
Na huu wenye kutu, wa chumba tulichopanga Aru,
ng'ambo ya mpaka, ile miaka tuliyokimbia.
Siku ya kurudi nilifunga mlango vizuri,
nikaondoka na ufunguo.
Mwenye nyumba alikuwa mtu mwema.
Sijui aliingiaje.

Driciru hakusema pole.
"Zinaning'inia hapa miaka yote," akasema,
"kila shimo la barabara zinavuta.
Kitasa kimelegea, swichi ikafuata."
Akalisema hilo kama anayesoma kipimo.

Nikautoa ufunguo mmoja kwenye pete,
ule mwembamba wa Datsun, meno yamesagika.
Uchi hivyo, peke yake, ukaingia.
Gari likawaka mara moja.

Zile nyingine nimezitia mfukoni.
Njia nzima hadi sokoni
suruali imenivuta upande mmoja,
na kila shimo
zinanigonga pajani.