Kina cha Kiwiko

Ngosa, fundi wa redio wa Katuba, aliiunda
kwa mfuniko wa ndoo, waya wa shaba,
mpini wa ufagio na betri ya pikipiki.
"Inasikia hadi kina cha kiwiko," akaniambia.
"Zaidi ya hapo usiilaumu.
Hata wewe kuna mambo husikii."

Tuliijaribu juu ya mguu wa baba.
Alikuwa mkekani, bakuli la bukari kifuani.
Ikapita juu ya goti, kimya.
Juu ya paja ikapiga mluzi.
Baba akacheka hadi akapaliwa:
"Hicho ni chuma cha kampuni.
Wakija kukidai, waambie mwenye mguu katoka."
Bamba moja, skrubu saba,
tangu mwaka toroli la tanuri lilipokataa breki.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza,
navuka Kafubu, napanda kilima kisichoota miti:
nyasi fupi, na yale maua ya samawati
yanayopenda udongo wenye mukuba.
Hapo mashine huwa kama mlevi arusini,
inaitikia kila kitu, ndiyo, ndiyo, ndiyo,
maana kilima chenyewe ndicho ninachokitafuta.
Hushusha sauti, huinamisha shingo,
hujifunza ndiyo ya jiwe
na ndiyo ya kitu kilichopita mkononi mwa mtu.

Nimetoa kizibo cha bia.
Nimetoa kizibo cha bia.
Nimetoa kifungo cha koti la mtu wa reli,
senti ya Wabelgiji yenye tundu katikati
(mpwa wangu Ngoie akaitungia uzi, mwalimu akamvua),
likuta moja, nyepesi kama ganda la kitunguu,
pesa iliyokufa kabla ya aliyeidondosha,
na risasi ambayo haikumpata mtu
au ilimpata. Haikusema.

Kisha, Oktoba, ardhi ikiwa ngumu kama deni,
chini ya kichuguu kilichobomoka upande:
mluzi mrefu, usioyumba.
Nilichimba kwa sururu, halafu kwa kijiko,
halafu kwa kucha.
Msalaba wa shaba, mikono minne sawa,
mfupi kuliko kiganja, kijani kama ukungu wa mkate.
Si wa kanisa. Hii ilikuwa fedha,
kabla ya kampuni, kabla ya lile bomba refu la moshi,
mtu aliimimina, ikapoa, akaihesabu.
Ilinunua nini? Jembe? Mbuzi?
Msamaha wa mkwe?

Kaka yangu Kyembe akanivuta hadi kwa mnunuzi wa chakavu.
Yule bwana akaiweka mzanini
kando ya mabomba ya maji ya nyumba ya mtu.
"Gramu mia mbili na kumi. Bei ya mukuba wa leo."
Niliichukua kabla mshale haujatulia.

Baba tulikuwa tumemzika mwezi wa tano.
Msalaba wake ulikuwa wa chuma; ulikaa wiki tatu.
Mzani uleule, labda. Sikuuliza.
Wa mbao, wa jirani yake, ulikwenda jikoni kwa watu.
Mvua za mwisho zikasawazisha vile vilima vidogo,
na mimi, niliyemshika upande wa miguu
tulipomtoa nyumbani,
sikujua tena nimsalimie nani.

"Usiende nayo," Ngosa alisema. "Nilishakwambia kina."
Nikaenda.
Mstari kwa mstari, kama anayefagia ua asubuhi.
Ilisikia msumari. Kopo. Waya wa shada la maua.
Skrubu saba hazikuita.

Kati ya kisiki na kaburi la vigae,
hatua tisa, au kumi, siku ile sikuhesabu vizuri,
nikapiga magoti,
nikachimba hadi mkono ukazama kiwikoni,
nikaiacha ile fedha huko,
nikafukia, nikarudisha nyasi na mizizi yake.

Nikawasha.
Ikapiga mluzi.

Mlinzi alikuwa akiniangalia toka getini, kofia mkononi.
Nikapita tena, nihakikishe.
Ikapiga.