Ukuta Mfupi

Niliinunua kwa ajili ya bei, sifichi.
Wakala alisifu bustani, akasifu shule,
akasifu utulivu wa mtaa;
mimi nilisikia tarakimu tu,
na dakika arobaini na saba hadi London,
treni isipokwama kwa majani.
Majani! Taifa lililozunguka bahari zote
linasimamishwa na jani bichi relini.

Nyumba zetu zimeshikana mabega,
matofali mekundu, milango myeupe ya plastiki,
mtaa mzima kama sentensi moja
aliyoandikishwa mtoto mara mia kwa utundu wake.
Ukilewa utaujaribu ufunguo wako kwa jirani.
Mimi nimeujaribu, na sikuwa nimelewa.

Saa kumi na moja na nusu simu inalia.
Soksi gizani. Chai nusu kikombe.
Tunachomoka mmoja mmoja, kola juu,
kuteremka stesheni kama maji yaliyouzoea mfereji.
Jukwaani kila mtu ana pahala pake:
wa koti la kijani, kando ya mashine ya tiketi;
muuguzi anayelala wima;
mimi, penye ufa wa tatu wa sakafu,
maana hapo ndipo mlango hufunguka.
Miaka sita tumesimama hivyo.
Simjui hata mmoja kwa jina.
Namjua kila mmoja kwa kikohozi.

Novemba hadi Februari
nyumba yangu ni uvumi.
Naiacha na giza, nairudia na giza,
Jumamosi nafua, Jumapili nalala.
Miaka thelathini nitailipia
nyumba ambayo hatujawahi kuulizana hali mchana.

Kisha, Jumanne moja ya Januari,
taa za ishara zikafa njia nzima.
Ubao ukaandika neno lile lile, mstari chini ya mstari:
imefutwa
imefutwa
imefutwa
Wa koti la kijani akacheka peke yake.
Nikapanda kilima kurudi,
nikakaa jikoni na koti mwilini
kama mgeni anayemsubiri mwenyeji.

Saa nne na robo jua likaingia.
Kumbe huwa linaingia!
Kipande chembamba, rangi ya siagi,
kikapita juu ya jiko, kikagusa birika,
kikatambaa hadi kwenye fremu ya mlango,
penye mstari wa penseli usawa wa kiuno changu:
*Callum, miaka saba.*
Miaka sita napita hapo na mkoba begani.

Ndipo nikasikia mtu anahema nje.
Mwanamke, nywele nyeupe chini ya kofia ya sufu,
amekaa kwenye ukuta wangu mfupi wa mbele,
kigari cha sokoni kimeegemea goti lake,
viazi, maziwa, tiketi ya bahati nasibu.
Aliponiona mlangoni alishtuka kama mwizi.
"Samahani, mpenzi," akasema.
"Nilidhani nyumba hii haina mtu."

Jina lake Beryl. Namba sabini na mbili.
Kilima ni kirefu kuliko nyonga yake,
na ukuta huu, amepima kwa pumzi,
uko katikati kabisa.
Anakaa hapa kila siku tangu upasuaji.
Mwaka wa nne huu.

Nilitaka kumwambia: naishi hapa.
Neno likanikwama kama mfupa wa samaki.
"Hujakosea sana," nikasema,
na tukatazama barabara pamoja,
paka wa mtu, gari la posta,
mambo ya saa tano asubuhi ambayo sikujua yapo.

Jumatano treni zilirudi, nami nikarudi ufani.
Lakini kwanza nilikata kipande cha zulia kuukuu
nikakilaza juu ya matofali, kwa ajili ya baridi.

Sijamwona tena tangu siku ile.
Jioni nikifika, kwa mwanga wa simu
nakuta zulia limegeuzwa kifudifudi,
upande mkavu umefichwa mvua,
na katikati pamebonyea kidogo.
Nafungua mlango.
Leo pia, nyumba hii ilikuwa na mtu.