Sakafu ya Mvule

Kwanza msasa namba arobaini, ule wenye meno.
Rangi nyekundu inabanduka shingo upande,
chini yake kijani, chini yake nta,
halafu mvule wenyewe,
kahawia kama ngozi ya sato wa kukaanga.

Karibu na dirisha, vishimo vinne:
hapa ilisimama cherehani ya mama
miaka ishirini na mitatu,
ikizidi kuzama kila alipokanyaga pedali.
Napiga msasa. Havitoki.
Napiga tena. Vumbi limeingia kwenye chai,
magoti yananiuliza umri.

Bulugu kapiga simu toka Geita:
“Weka vigae, dada, acha kujitesa.”
Nikamwambia mtandao unasumbua.

Jioni ya tatu nikapaka vanishi,
nikirudi kinyumenyume hadi mlangoni.
Dirisha nikaliacha wazi, harufu itoke.
Taa nikaisahau.
Visubi wakapanda kutoka ziwani, wingu zima,
wakaikuta Isamilo nzima gizani ila mimi,
wakatua, wakanata.

Asubuhi nimewakuta, mabawa wazi,
wamezagaa kwenye vile vishimo
kama ncha za uzi
ambazo mama hakuwahi kuzifagia.

Nimekaa kizingitini,
msasa mkononi, namba mia mbili, ule laini.
Sijaanza bado.