Kinasa Sauti Namba Nne

Miezi mitano kilikaa chini, mita sabini,
kimefungwa kwa mnyororo na bonge la zege.
Leo Bakhit amekivuta. Kimeota makombe na mwani
kama kitu kilichozaliwa hukohuko.
Amenikabidhi kwa mikono miwili:
"Haya, Raya. Sikiliza wenyeji wanasema nini."

Wenyeji. Hakukosea.
Nyangumi wa bahari nyingine wana safari,
huku barafu ya kulia, kule maji ya moto ya kuzalia,
maili elfu nne bila kupinda nyuzi moja.
Njia zao nimeziona kwenye ramani za setilaiti.
Niliweka rula juu ya mstari
na rula ikakosa cha kusahihisha.

Wanajuaje? Ukiniuliza kazini nitakujibu:
huenda ni jua. Huenda ni sumaku ya dunia,
wanaihisi mwilini
kama wewe unavyohisi, umelala,
kwamba kuna mlango umeachwa wazi.
Huenda wanasikia maji yakigonga mlima wa chini
ambao wataufikia keshokutwa.
Huenda ndama huufuata ubavu wa mama mara moja,
kwenda na kurudi, basi, keshahitimu.
Huenda, huenda.
Mshahara wangu unatoka kwenye neno hilo.

Lakini hawa wa Hasik hawaendi.
Kharifu ikishuka, milima ikajitia ukungu,
maji baridi hupanda na dagaa wasio na idadi,
hata ngamia wa hapa wanalishwa dagaa.
Nani ahame penye ngamia mla samaki?
Walikaa. Maelfu ya miaka.
Hata nyimbo zao si za kusini tena.

Jana usiku simu kutoka Mabela, Ghanima:
"Bibi katoka tena."
Wamemkuta saa tisa, nyuma ya nyumba, miguu peku,
mbele ya mashine ya kiyoyozi,
anapapasa ukuta, anatafuta komeo
la mlango ulioko Wete.
"Nani kauhamisha mlango?" aliuliza.
Yeye hakuhama, ni mlango.
Tangu sitini na nne hajakanyaga Pemba.

Ghanima anasema akili imempotea.
Mimi nililala nikihesabu:
toka kitandani hatua sita, kata kushoto,
hatua kumi na moja, kisha shuka ngazi moja.
Mabela hakuna ngazi.
Lakini kila usiku, palepale,
bibi yangu huushusha mguu
na sakafu humwahi, humtikisa mpaka meno.

Nimevaa vipokea sauti, nimekaa stoo ya Bakhit
katikati ya nyavu na madumu ya petroli.
Kwanza kamba, wanatatarika
kama mafuta kwenye kikaango.
Kisha meli ya Duqm, inapita, inapita, haiishi kupita.
Kisha yeye.
Usiku wa tarehe tisa, dume mmoja,
sauti nzito kama mtu anayeburuta kabati
katika chumba cha juu.
Anaimba karibu, halafu mbali.
Kwa vinasa vinne naweza kupiga hesabu ya mwelekeo.
Nilipiga. Nikarudia, nikidhani nimekosea.
Kusini, kusini na magharibi kidogo,
siku nne mfululizo, mstari kama uzi wa fundi.
Nikamkosa.
Tarehe ishirini na mbili karudi, anaimba uleule,
kana kwamba alitoka tu kufunga geti.

Alikwenda kutafuta nini? Kwenye jedwali,
safu ya maelezo, nimeandika: huenda.
Nikafuta. Nikaiacha wazi.

Halafu nikampigia Ghanima.
Msimfungie kwa ufunguo, nimemwambia.
Tafuteni mbao, pana, za kimo cha tofali,
mzitandaze toka kitandani kwake
mpaka hatua ya kumi na saba,
apate pa kushukia.

"Mbao?" amesema. "Raya, za nini?
Hebu rudia, sauti yako inakatika."